Chanjo ya homa ya mafua kila mwaka: tuanze na aliye dhaifu nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie swali ambalo zamani nililisikia kwa nadra katika duka la dawa muhimu ninalofanyia kazi hapa Newala, na ambalo siku hizi hunifikia kila upepo wa kusi unapoanza kuvuma: je, mtu achanjwe chanjo ya homa ya mafua kila mwaka, au aachane nayo? Wanaoliuliza zaidi ni wazee ambao watoto wao wanaishi Dar es Salaam au nje ya nchi. Mtoto hupiga simu, akaeleza kwamba huko aliko watu wa rika la baba yake huchanjwa kila mwaka, na akaahidi kutuma pesa. Mzee hubaki hajui kama ameletewa habari njema au ameongezewa shaka juu ya zile alizokuwa nazo. Kesho yake anakuja dukani, anaegemea kaunta, anasubiri wateja wengine wapungue, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini kana kwamba anaulizia jambo la aibu.

Naanza na msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa baadhi yetu chanjo hii ni jambo la maana linalostahili kutafutwa kila mwaka hata kwa usumbufu. Kwa wengine ni hiari, na asiyeipata hana sababu ya kujilaumu. Kinachotofautisha makundi hayo mawili ni afya ya mtu mwenyewe na afya ya wale anaoishi nao chini ya paa moja. Nasikitika kusema kwamba katika mikoa ya Mtwara na Lindi wale wanaoihitaji zaidi ndio walio mbali nayo zaidi, na hilo naliona kuwa linaweza kurekebishwa bila kuvuruga bajeti ya mtu yeyote.

Kabla ya kuamua, ni lazima tukubaliane tunazungumzia ugonjwa gani, kwa maana huku kwetu vikohozi vina asili nyingi. Mikorosho inapokaribia kuchanua na wakulima wanapoanza kupuliza salfa ili kuzuia ubwiri unga, kijiji kizima hukohoa. Nimewahudumia vijana wa kupuliza wakiwa wametoka shamba moja kwa moja, unga wa njano umewaganda kwenye nyusi na kwenye kola ya shati, macho mekundu, sauti imekauka, kitambaa cha kufunga pua kikiwa kimening'inia shingoni mahali ambapo hakimsaidii mtu yeyote. Nao huomba dawa ya mafua. Hao hawana mafua. Wanahitaji barakoa, maji na kupumzika, na hakuna sindano duniani itakayowakinga na vumbi la salfa. Miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi na ukungu juu ya uwanda wa Makonde, madirisha hufungwa, watoto hulala wengi chumba kimoja, na virusi vya kila namna vinavyoleta makamasi na kukwaruza koo hupata nafasi ya kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Virusi hivyo vya mafua ya kawaida ni vingi, na chanjo tunayoizungumzia haivigusi.

Homa ya mafua yenyewe, ile inayoletwa na virusi vya influenza, hujitambulisha kwa namna nyingine. Humwangusha mtu kwa ghafla, mara nyingi siku mbili hivi baada ya kuambukizwa: asubuhi alikuwa mzima, jioni ana homa kali, viungo vinamuuma kama aliyepigwa, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu hakimpi nafasi, na uchovu wake humfanya ashindwe hata kuinuka kwenda msalani. Wengi hupona ndani ya wiki moja bila dawa yoyote maalumu, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kukaa zaidi. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka ugonjwa huu huwapata watu wapatao bilioni moja, kwamba milioni 3 hadi 5 kati yao huugua vibaya, na kwamba vifo vinavyotokana na matatizo ya upumuaji unayoyaleta ni kati ya 290,000 na 650,000. Sehemu kubwa kabisa ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa ugonjwa huu ni wa nchi zinazoendelea, kama yetu.

Naongeza tahadhari moja ambayo kwa watu wa kusini ni ya lazima. Homa ya ghafla huku kwetu inaweza kuwa malaria, na mikoa yetu ni miongoni mwa ile ambayo malaria bado ina nguvu. Kwa hiyo mwenye homa apimwe kwanza, hata kama anakohoa na hata kama mwezi jana alichanjwa. Inaweza pia kuwa kitu kisichotarajiwa. Wasomaji watakumbuka Julai 2022, wilayani Ruangwa, watu walipougua homa, kichwa na uchovu huku wengine wakitokwa damu puani; wagonjwa walifikia 20 na watatu kati yao walifariki, vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vikaonyesha kwamba hawana, na hatimaye Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama. Nakumbusha tukio hilo kwa sababu nimekutana na mtu aliyedhani kwamba akishachanjwa homa ya mafua, basi homa yoyote itakayomjia baadaye haina uzito. Dhana hiyo ni ya hatari kuliko kutochanjwa.

Sasa nije kwenye jambo linalowashangaza wengi: kwa nini kila mwaka? Mtoto huchanjwa surua, kadi ikajazwa, mambo yakaisha. Iweje hii irudiwe kama kodi? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kinga inayotokana na chanjo hii hupungua baada ya miezi kadhaa. Ya pili, iliyo kubwa, ni kwamba virusi vya influenza hubadilisha sura yake ya nje kidogo kidogo bila kukoma, hadi kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya sura ya mwaka juzi zinashindwa kuitambua ya mwaka huu. Wataalamu walijifunza hili mapema. Chanjo za kwanza zilitumiwa na jeshi la Marekani katika miaka ya 1940, raia wakaruhusiwa kuzipata mwaka 1945, na mwaka 1947 ikaonekana kwamba waliochanjwa waliugua karibu sawasawa na wasiochanjwa, kwa sababu virusi vilivyokuwa mitaani vilikwisha kubadilika ilhali chanjo ilikuwa bado ya virusi vya zamani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, likitegemea mtandao wa maabara ulioanza kazi mwaka 1952, huwakutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya nchi za kusini, ili wachague virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Uchaguzi huo haufanywi kwa mazoea tu: kundi moja la virusi vya aina B, liitwalo Yamagata, halijathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020, na mnamo Septemba 2023 wataalamu hao wakasema halina haja tena ya kuwemo, hivyo chanjo nyingi zimerudi kuwa za virusi vitatu badala ya vinne.

Hapo ndipo linapozuka swali la sisi wa Mtwara na Lindi, tulio nyuzi kumi hivi kusini mwa ikweta. Huko Ulaya homa ya mafua ina msimu unaojulikana, wakati wa baridi yao, na watu huchanjwa vuli ikianza. Katika nchi za joto virusi hivi huzunguka karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka, na hakuna mwezi mmoja ambao mtu anaweza kuapa kwamba ndio wenyewe. Chanjo ya nchi za kusini ya dunia huanza kupatikana karibu Machi au Aprili, na ya nchi za kaskazini karibu Septemba au Oktoba. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayeamua kuchanjwa aulize mambo mawili kabla ya kukunja mkono wa shati: hii ni chanjo ya msimu upi, na tarehe yake ya mwisho wa matumizi ni ipi. Sindano iliyobaki kwenye friji tangu msimu uliopita si ya kupewa kwa bei ya chini, ni ya kuteketezwa. Mteja anaona haya kuuliza maswali hayo, nami namhimiza aulize, kwa sababu mtoa huduma mwenye nia njema hufurahi kuonyesha kisanduku.

Tuseme basi imepatikana, ni mpya, na imetunzwa vizuri. Je, inafanya kazi? Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, na nadhani ugomvi huo unatokana na watu kutarajia kisichoahidiwa. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kulazimika kwenda hospitali au zahanati kwa asilimia 40 hadi 60; katika miaka isiyolingana hushuka chini ya hapo. Maana yake ni kwamba ikiwa kati ya watu 100 wasiochanjwa wangeugua 10, kati ya 100 waliochanjwa wataugua wanne hadi sita. Anayetaka ulinzi kamili atavunjika moyo. Lakini chandarua nacho hakimzuii mbu anayeuma saa moja jioni barazani, na sijaona mtu anayekichoma kwa sababu hiyo. Tena waliochanjwa wakaugua hata hivyo, kwa wastani huugua kwa wepesi zaidi, na ni wachache zaidi wanaofikia kulazwa. Kinga yenyewe huchukua takriban wiki mbili kujengeka, kwa hiyo anayechanjwa leo akaanza kuumwa keshokutwa hana sababu ya kuilaumu sindano. Alikwisha kuambukizwa, au ameshikwa na mafua ya kawaida.

Kuna sehemu mbili ambazo ushahidi wake mimi binafsi umenigusa kuliko takwimu hizo za jumla. Ya kwanza ni moyo. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya kuthibitika kuwa na homa ya mafua, uwezekano wa mtu kupata shambulio la moyo uliongezeka takriban mara sita. Mzee mwenye presha na kisukari ambaye familia inasema amekufa ghafla wakati mafua yake yalikuwa yameanza kupungua, huenda kisa chake kina mkono wa virusi ambavyo hakuna aliyevipima. Ya pili ni wajawazito, na hapa ushahidi umetoka Afrika yenyewe. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wajawazito zaidi ya 2,000 wasio na VVU, ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza homa ya mafua iliyothibitishwa maabara kwa takriban nusu, kwa akina mama na kwa watoto wao wachanga vilevile. Na wajawazito wanaoishi na VVU nao walipata kinga. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kupewa chanjo hii, kwa hiyo kinga kubwa anayoitegemea ni ile aliyopewa na mama yake tumboni. Sijui kama kuna hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo katika suala zima.

Hofu nazo tuzitazame, bila kumcheka mwenye nazo. Kwamba sindano humletea mtu homa ya mafua: haiwezekani, kwa sababu chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu. Mkono kuuma siku moja au mbili, homa ndogo, mwili mzito, hayo hutokea na huisha. Kwamba ina mayai: nyingi hukuzwa kwenye mayai ya kuku, lakini siku hizi hata wenye mzio wa mayai huchanjwa, alimradi mtoa huduma aambiwe. Kwamba ina kitu cha nguruwe, swali ambalo katika miji ya pwani kama Lindi, Kilwa na Mikindani ni halali kabisa kuulizwa: chanjo ya kupulizwa puani inayotumiwa Uingereza kwa watoto ndiyo yenye jelatini ya nguruwe, chanjo nyingi za sindano hazina jelatini, na karatasi iliyomo ndani ya kisanduku huorodhesha kila kilichomo. Iliyo nzito zaidi ni ile ya ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, ambao humdhoofisha mtu miguu na mikono. Mwaka 1976, Marekani ilipowachanja watu zaidi ya milioni 40 dhidi ya homa ya mafua ya nguruwe, ilionekana kwamba kulikuwa na mgonjwa mmoja wa ziada kwa takriban kila watu 100,000 waliochanjwa, na kampeni ikasimamishwa. Chanjo za sasa, pale ambapo uhusiano umeonekana kabisa, ni mgonjwa mmoja au wawili kwa watu milioni moja, na homa ya mafua yenyewe huleta ugonjwa huohuo mara nyingi zaidi ya chanjo. Aliyewahi kuupata na azungumze na daktari kwanza.

Uvumi wa wakati wa UVIKO-19 sitaurudia. Chanjo ile ilizinduliwa nchini Julai 28, 2021, tukachanjwa tuliochanjwa, na tupo.

Nikirudi kwenye uamuzi wenyewe, mzee wa zaidi ya miaka 65, na hasa mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, ningemshauri achanjwe kila mwaka bila kusitasita. Mjamzito pia, katika mwezi wowote wa mimba, kwa chanjo ya sindano. Mgonjwa wa selimundu, anayeishi na VVU, anayetibiwa saratani, hao wote. Mhudumu wa afya namweka mbele zaidi ya hao kwa sababu yake na kwa sababu yetu, maana ndiye anayetoka kitanda cha anayekohoa akaenda kumshika mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani nalo limemweka katika kundi la kwanza. Kijana mwenye afya anayeishi peke yake na kuendesha bodaboda, akinambia kwamba pesa hiyo anainunulia tairi, sitabishana naye. Lakini kijana huyohuyo akiwa anaishi na bibi yake mwenye pumu, na usiku wanalala chumba kimoja cha kuta za udongo, jibu langu hubadilika, kwa sababu yeye ndiye anayezurura stendi na mnadani kisha kuuleta ugonjwa nyumbani. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka minane anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili zinazopishana kwa wiki nne au zaidi, jambo ambalo mzazi anayesafiri kutoka mbali alipigie hesabu mapema.

Mahujaji nawataja peke yao. Saudi Arabia inamlazimu kila hujaji kuwa na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na ile ya homa ya mafua inaipendekeza. Watu zaidi ya milioni moja kutoka kila pembe ya dunia hukusanyika, wengi wao wazee, wakalala mahema ya pamoja kule Mina, na kikohozi cha kurudi nacho kutoka Hija kimezoeleka kiasi cha kuonekana ni sehemu ya safari. Kwa kuwa mwandamo wa mwezi huirudisha Hija nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, vikundi vinavyowaandaa mahujaji wetu visikariri tarehe za zamani. Sindano ipatikane angalau wiki mbili kabla ya kupanda ndege, pamoja na ile ya lazima, siku moja ikiwezekana.

Niruhusu, Ndugu Mhariri, nitoke kidogo kwenye chanjo nisemee meza yangu ya dawa, kwa sababu kinachofanyika hapo kinahusiana. Anayeugua homa ya mafua huja akitaka amoksilini, na asipoipata kwangu ataipata kwingine. Dawa hiyo huua bakteria, virusi haviijui. Inakuwa na kazi pale tu ambapo nimonia ya bakteria imefuata nyuma ya homa ya mafua, jambo linalotokea, na dalili yake ni mgonjwa aliyeanza kupata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, kifua kikabana na pumzi zikawa za haraka. Huyo apelekwe hospitali, asiletewe vidonge sita vilivyofungwa kwenye karatasi. Na mtoto mwenye homa ya mafua asipewe aspirini kabisa, kwani inaweza kumletea ugonjwa adimu wa ubongo na ini. Paracetamol na maji mengi vinamtosha. Kila mtu aliyekingwa asiugue ni mtu mmoja pungufu anayemeza antibayotiki bure na kuchangia usugu wa dawa ambao tayari unatutesa.

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya Mpango wa Taifa wa Chanjo, na mimi sijiungi na wanaoilaumu Serikali kwa hilo. Nchi ina fedha za kuhesabu. Ukinipa shilingi moja nichague kati ya chanjo ya surua, chandarua na hii ya homa ya mafua kwa mtoto wa Tandahimba, hii itakuwa ya tatu. Tena mpango huo tayari unatoa bure, tangu mwishoni mwa 2012, chanjo ya nimonia kwa watoto wachanga, ambayo inawakinga na mmoja wa bakteria wabaya wanaoingia mlango ulioachwa wazi na homa ya mafua. Mzazi ambaye hajamalizia dozi za kadi ya kliniki hana haja ya kuulizia ya kulipia.

Ninachokilalamikia ni kitu kidogo kuliko hicho. Mtu aliyeamua, mwenye sababu ya kitabibu na mwenye pesa mkononi, huku kwetu huelekezwa hospitali binafsi za Dar es Salaam. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Tunamwambia mzee wa miaka 70 mwenye pumu akae kwenye basi kutwa nzima, vioo vimefungwa, katikati ya abiria wanaokohoa, ili akapate kinga dhidi ya kikohozi. Mteja wangu mmoja alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akapaliwa, akanunua dawa yake ya kifua akaondoka, na sidhani kama aliwahi kusafiri.

Najua hoja ya upande wa pili: chanjo hii lazima ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, ikiganda imeharibika, isipotumika ndani ya msimu wake inatupwa, na barabara yetu si ya kuaminika, kama tulivyoona Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata mawasiliano huko Somanga na kwingine wilayani Kilwa. Lakini friji za chanjo tunazo hadi kwenye vituo vya afya, zina kipimajoto ambacho mhudumu hukisoma na kujaza kwenye chati asubuhi na jioni, na watumishi wanaozisimamia wanaijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Hofu ya dozi kutupwa nayo ina dawa: watu waandikishwe kwanza. Hospitali ifungue daftari, wazee wanaohudhuria kliniki za kisukari, presha na pumu waulizwe nani yuko tayari kulipia, vikundi vya Hija vilete idadi yao, kisha ziagizwe dozi za watu hao na chache za akiba. Kwa wahudumu wa wodi za watoto, uzazi na wagonjwa mahututi, halmashauri zenye mapato ya korosho zinaweza kuibeba gharama hiyo zenyewe, kwani idadi yao haitishi.

Naomba kwa heshima Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi watujibu kupitia gazeti hili: je, Hospitali ya Ligula, Hospitali ya Sokoine na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo zinaweza kufungua daftari hilo mapema, kati ya Januari na Februari, ili chanjo ya kusini itakapotoka sindano ziwe zimefika kabla ya kusi kuanza, na mgonjwa wa Newala, Nachingwea au Liwale aambiwe siku gani aje na atalipa kiasi gani?

Wako,
Muuza dawa,
Newala, Mtwara